Unataka Kuingia Mbio za Matope na Vizuizi? Soma Hii Kabla Ulipe Doo Yako

Umeziona hizo picha. Msee amejaa matope hadi kwa nyusi, medali shingoni, anacheka kama mtu ameitwa kazi ya serikali. Chini kuna maoni mia, yote ya "umewaka!" na "siku ingine usinisahau." Kitu picha haionyeshi ni kile kilitokea saa moja kabla: huyo huyo msee amening'inia kwenye chuma, vidole vinaachia kimoja kimoja, chini yake maji baridi, na nyuma yake foleni ya watu wanangoja aanguke ndio wapite.

Kama unafanya mazoezi jioni baada ya job, ama Jumamosi unapiga raundi zako Karura na umeanza kujiuliza kama unaeza ingia mashindano kama hayo, hii stori ni yako. Huna kocha, huna mdhamini, na ukivunjika mguu ni wewe na watu wako mtatafuta pesa ya hospitali. Kwa hivyo lazima ujue unaingia kwa nini.

Moja ujue mapema: watu wengi wanaolemewa na hizi mbio hawalemewi na kukimbia. Wanalemewa na mikono. Na wale wanaumia vibaya, mara mingi ni kwa sababu waliogopa kuonekana wameogopa.

Hii kitu ilitoka wapi

Ukienda nyuma sana utafika kwa jeshi. Georges Hébert, afisa wa jeshi la maji la Ufaransa aliyezaliwa 1875, alikuwa anafundisha mabaharia kukimbia, kupanda, kuogelea, kubeba, kurusha na kutembea juu ya magogo, akisema mwili unafaa uweze kukuokoa siku ya shida. Viwanja vya vizuizi ambavyo majeshi ya dunia nzima hutumia vina mkono wake. Ukiona makurutu wanapanda ukuta kwa kamba kwenye taarifa ya habari, mzizi ni huo.

Kwa raia wa kawaida, jina la kwanza ni Tough Guy. Ilianzishwa 1987 na mzee wa Uingereza anaitwa Billy Wilson, ambaye watu wote walimjua kama Mr Mouse, kwenye shamba lake huko Perton karibu na Wolverhampton. Alikuwa anaifanya Januari, katikati ya baridi. Watu wanaruka moto, wanaingia kwenye maji ya barafu, wanatoka wakitetemeka kama simu iko kwa silent. Na walikuwa wanalipa kufanyiwa hivyo.

Halafu ikafika 2010 na Marekani ikashika hiyo moto. Mei mwaka huo Tough Mudder ikafanya mbio zake za kwanza Pennsylvania, chini ya Will Dean na Guy Livingstone. Mwaka huo huo Joe De Sena akaanzisha Spartan Race huko Vermont. Na kwa sababu najua unapenda udaku: Dean alikuwa ameenda kuchunguza Tough Guy akiwa mwanafunzi wa biashara Harvard. Mr Mouse alipoona Tough Mudder imeanza kuingiza mkwanja, akasema ameibiwa wazo lake. Kesi iliisha nje ya korti, Mr Mouse akalipwa dola 725,000. Kisha 2020 Spartan ikainunua Tough Mudder, sasa hao maadui wa zamani wanakula sahani moja.

Usizichanganye, kwa sababu kila moja inakutaka kivyake. Tough Mudder ile ya kawaida haina saa. Unaenda na mbogi yako, mnasukumana juu ya ukuta, mnavutana kwenye matope, na hakuna anayeuliza ulikuwa namba ngapi. Spartan ni mbio kabisa, unapimwa. Sprint ni kilomita 5 na vizuizi 20, Super ni kilomita 10 na vizuizi 25, Beast ni kilomita 21 na vizuizi 30. Ukishindwa na kizuizi kuna adhabu. Kwa miaka mingi adhabu ilikuwa bapi 30 kila mara: unajitupa chini hadi kifua kiguse udongo, unainuka, unaruka, unarudia. Ukianguka vizuizi vitano, hiyo ni bapi 150 juu ya mbio yenyewe. Siku hizi sehemu zingine unapewa mzunguko wa ziada wa kukimbia, na ukishafika hapo na miguu imekwisha, hujui kama umesaidiwa ama umechezwa.

Halafu kuna ile watu wa jim wamewehuka nayo saa hii, Hyrox. Ilizaliwa Hamburg, Ujerumani, na waanzilishi ni Christian Toetzke na Moritz Fürste, ambaye alishinda dhahabu ya Olimpiki kwa hoki. Mbio ya kwanza ilikuwa 2018. Haina matope, inafanyika ndani ya ukumbi, na ni ile ile kila mahali duniani, ndio maana unaeza linganisha saa yako na ya mtu wa London. Barani Afrika imeshafika Afrika Kusini. Nitairudia, kwa sababu hiyo ndiyo mtu wa Nairobi anaeza kujipima nyumbani bila kulipa senti.

CrossFit nayo ni nyumba ingine. Michezo yao ilianza 2007 kwenye ranchi huko Aromas, California, na huko huambiwi mapema utafanya nini. Unaeza pewa vyuma, kamba, kuogelea, chochote.

Na usidhani ni mchezo wa watu wa kupiga picha tu. Kwenye Olimpiki ya Los Angeles 2028, vizuizi vinaingia ndani ya pentathloni ya kisasa kuchukua nafasi ya farasi. Hiyo ilitokana na aibu ya Tokyo, pale farasi alikataa kuruka na kocha akaonekana akimpiga ngumi. Kizuizi hakikatai kuruka, na huhitaji kuwa mtoto wa tajiri kukipata.

Sisi ni watu wa kuruka, lakini si wa kuning'inia

Mkenya akisikia "mbio na vizuizi" anaona kama ni kwao. Na ana haki. Mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji, wanaume wetu walishinda dhahabu kila Olimpiki tuliyoenda kutoka Amos Biwott pale Mexico 1968 hadi Conseslus Kipruto pale Rio 2016. Mwaka wa 1976 na 1980 hatukuenda. Ilibidi Soufiane El Bakkali wa Morocco aje Tokyo kutufunga mdomo. Beatrice Chepkoech naye alipiga 8:44.32 pale Monaco 2018.

Lakini angalia kile kinarukwa. Kiunzi cha wanaume kiko na sentimita 91.4, unakikanyaga ama unakipita na mguu. Mikono haina kazi. Sasa nenda kwa uwanja wowote wa mtaa wenye goli la saizi kamili, usimame chini ya mwamba. Huo mwamba uko mita 2.44 juu. Ukuta wa futi 8 wa Spartan ni urefu huo huo, isipokuwa hauna pa kushika katikati. Unafaa kuruka, ushike juu, ujivute, upeleke mguu, uteremke upande ule mwingine bila kuvunja kifundo. Msee anayekimbia kilomita 10 kwa dakika 38 anaeza simama hapo chini akiangalia juu kama paka ameona ndege.

Hiyo ndio sababu mazoezi ya kwanza hayafai kuwa ya kukimbia, kama tayari unakimbia. Ni ya kushika. Tafuta chuma, ama huo mwamba wa goli kama umesimikwa vizuri (utikise kwanza, magoli yasiyofungwa chini yameangukia watu), uning'inie tu. Usijivute. Hesabu. Wengi wanaachia kabla ya sekunde 30 na wanashtuka. Fanya mara tatu nne kwa wiki, ukifikisha sekunde 60 bila kutetemeka anza kusonga mkono mmoja mmoja kando. Kisha weka taulo juu ya chuma na ushike taulo, kwa sababu siku ya mbio hiyo chuma itakuwa imeshikwa na mikono 300 yenye matope na itateleza kama sabuni. Mimi huwa naangalia makanga wa mathree za Rongai, mkono mmoja kwa mlango, mwili wote nje, gari iko na themanini, na bado anahesabu pesa. Huyo akipewa wiki mbili za kukimbia atatuaibisha wote. (Usijaribu hiyo.)

Kamba nayo ni ujuzi, nguvu ni kidogo. Watu wanapanda kwa mikono na wanakwama katikati. Fanya hivi: kamba ipite nje ya mguu mmoja, iingie chini ya soli, kisha mguu wa pili uiokote na kuibana juu ya kile kiatu cha kwanza. Hapo umejitengenezea ngazi. Simama. Peleka mikono juu, kunja magoti, bana tena, simama. Miguu ndiyo inakubeba. Kushuka, usiteleze, kamba huchoma mikono na utamaliza mbio ukishika kila kitu na viganja havina ngozi.

Mkuki wa Spartan watu huuchukia. Ni mkuki wa mti umefungwa kamba, unarusha mara moja tu kwa mdoli wa nyasi, ukikosa adhabu. Julius Yego alijifunza kurusha mkuki akiangalia video za YouTube, akawa bingwa wa dunia Beijing 2015 kwa mita 92.72. Wewe unahitaji mita chache tu na fito ya mwanzi nyuma ya keja. Rusha 20 kila jioni.

Ndoo ya kokoto ni ile ile unajua kutoka mjengo: ikumbatie chini, mgongo wima, hatua fupi. Kama umewahi fanya kazi ya mjengo hata mwezi mmoja, hapo utapita watu wa jim kama wamesimama.

Hyrox ya mtungi na simiti

Sasa hiyo Hyrox. Unakimbia kilomita 1, unafanya kazi moja, unakimbia kilomita 1, kazi ingine, hadi mara nane. Jumla kilomita 8 na kazi nane. Mpangilio haubadiliki: mashine ya kuvuta kamba kama mtu wa theluji mita 1,000, kusukuma sledi mita 50, kuvuta sledi mita 50, bapi za kuruka mbele mita 80, mashine ya makasia mita 1,000, kubeba vyuma viwili mita 200, hatua ndefu na mfuko wa mchanga mabegani mita 100, na mwisho, ukiwa huna kitu, kurusha mpira mzito ukutani mara 100.

Uzito wa daraja la wazi, lile la watu kama sisi, ndio huu, na nimekupimia kwa vitu viko mtaani. Sledi ya kusukuma ya wanaume ni kilo 152. Hiyo ni mifuko mitatu ya simiti. Ya wanawake ni 102, mifuko miwili. Ya kuvuta ni 103 na 78. Vyuma vya kubeba ni kilo 24 kila mkono kwa wanaume, 16 kwa wanawake. Mtungi wa lita 20 ukijaa ni kama kilo 21 ukihesabu plastiki. Kwa hivyo kama wewe ni wa kutoa maji kwa kibanda hadi keja ya gorofa ya nne, mitungi miwili, siku maji yamepotea mtaani, umekuwa ukifanya mazoezi ya sita ya Hyrox bila kuvaa kaptura. Tofauti ni kwamba kwa mashindano hakuna mahali pa kuweka mtungi na kusalimia jirani. Mfuko wa mchanga ni kilo 20 na 10, mpira ni kilo 6 na 4.

Panga hivi Jumapili moja: pima kilomita 1 kwa simu, tafuta mitungi miwili, gunia ulijaze mchanga, na mtu mwenye mkokoteni akukodishie nusu saa. Kimbia, sukuma. Kimbia, beba. Mashine za jim unaeza ziweka pembeni kwa sasa. Kitu unajifunza hapo ni kile hakuna mtu anaeza kukuambia kikaeleweka: vile miguu huwa baada ya kusukuma kitu kizito. Unaanza kukimbia na miguu haikusikii, kama ni ya mtu mwingine umeikopa. Inarudi baada ya kama mita 300. Mtu hajawahi kuhisi hiyo anashtuka, anadhani ameumia, anasimama. Mtu anajua, anaendelea polepole mpaka irudi.

Na hapo ndipo kukimbia sana kunaponza Mkenya. Kilomita ya kwanza anatoka kama yuko Eldoret, anawapita wote. Kufika sledi moyo uko mia na themanini na kitu, na sledi haina huruma na mtu anahema. Wengi wa kiwango cha kawaida humaliza hii kitu karibu saa moja na nusu. Gawa pumzi yako kwa saa moja na nusu, usigawe kwa kilomita moja.

Pale utani unaisha

Sasa tuongee ile sehemu matangazo hayasemi.

Aprili 2013, huko West Virginia, mshiriki wa miaka 28 aliruka kutoka jukwaa refu kuingia kwenye dimbwi la maji ya matope, watu wengine wakiruka pia. Hakuibuka. Alipotolewa alikuwa amekaa chini ya maji kwa dakika kadhaa, na akafariki. Alikuwa na marafiki zake, siku ya kujivinjari.

Agosti 2024, kwenye michezo ya CrossFit huko Fort Worth, Texas, kazi ya kwanza ilikuwa kukimbia maili 3.5 halafu kuogelea mita 800 kwenye ziwa. Lazar Đukić wa Serbia alizama. Huyu hakuwa mgeni wa jim. Alikuwa kati ya wanariadha bora wa mchezo huo duniani, na maji aliyajua.

Weka hizo mbili kando kando na uzifikirie ukiwa mtu wa bara ambaye kuogelea kwako ulijifunza mtoni ama hukujifunza. Maji baridi ukiyaingia moyo umechoka yanakufanya uvute pumzi kwa nguvu bila kupenda, na kama mdomo uko chini wakati huo, umevuta maji. Kwa hivyo ingia miguu kwanza, toa pumzi, subiri sekunde chache mwili utulie, ndio uendelee. Kuruka kichwa kwanza kwenye maji ya matope usifanye hata ukilipwa. Huoni kina, na shingo haina spea. Na kama hujui kuogelea, zunguka hicho kizuizi. Mbio nyingi zinakuruhusu. Utafanya adhabu ama utapoteza muda, basi.

Kuna mbio moja nilifika kwa kidimbwi, maji ya kahawia, watu wanaruka kwa makundi, na yule aliyevaa fulana ya mwokoaji ameketi kwa ndoo akiangalia simu. Nikazunguka. Kuna dem nyuma yangu akaniuliza kama naogopa. Nikamwambia ndiyo. Tulimaliza wote na medali ni ile ile.

Umeme nao: Tough Mudder iliwahi kuwa na kizuizi cha nyaya zinazoning'inia za hadi volti 10,000. Ni mshtuko mfupi, lakini mtu mwenye shida ya moyo hafai hata kukaribia. Moto, ruka ukiwa umevaa kitu hakishiki moto haraka. Na pete, toa. Pete ya ndoa ikinasa kwenye chuma na mwili ukashuka, kidole kinabaki na pete. Mwache mtu wako nyumbani akutunzie.

Kitu kingine kinaumiza wasee wa mazoezi ni misuli yenyewe. Mtu amekaa miezi mitatu bila kitu, anaingia siku moja anapiga bapi 150 na kubeba mchanga. Misuli inavunjika na taka zake zinaingia kwa damu, zinaziba figo. Madaktari huiita rabdomayolisisi. Dalili yake ni rahisi kukumbuka: maumivu na uvimbe unaozidi vile umezoea, mwili hauna nguvu, na mkojo wa rangi ya strungi. Ukiona hiyo rangi usinywe maji ukalale. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na zile tembe za maumivu kama ibuprofen ambazo watu humeza asubuhi "ndio nisisikie", zinaongezea figo mzigo siku ambayo tayari ziko na kazi nyingi.

Maji ya kunywa pia yana kiasi. Kiu ikuongoze. Kuna watu wamelazwa kwa kunywa maji mengi kupita kiasi kwenye mbio ndefu hadi chumvi ya damu ikashuka. Kama umetoka Nairobi, mita 1,795 juu ya bahari na hewa baridi, ukaenda kukimbia Pwani, jua litakubeba. Kunywa mapema, tia chumvi kidogo, punguza kasi.

Nguo, viatu na tumbo

Hapa ni haraka. Fulana ya pamba inakunywa maji inakuwa blanketi, vaa ile nyepesi ya mpira wa miguu. Ndula za njia za milimani zenye meno chini ziko Gikomba na Toi, angalia soli haijaisha na kitambaa kinatoa maji. Usivae mpya siku ya mbio. Glavu zikilowa zinateleza, mikono mitupu ni afadhali. Nywele funga kabisa. Soksi ndefu zinaokoa ngozi ya mguu kwenye kamba.

Jioni ya kabla kula kile mwili unajua: ugali, wali, viazi vitamu. Githeri na chapo madondo acha hadi kesho yake, kwa sababu kutambaa chini ya nyaya na tumbo lina gesi si haki kwa mtu aliye nyuma yako. Beba nguo za kubadilisha na mfuko wa plastiki mgumu. Kondakta hatakubali uketi kwa kiti chake hivyo, na ana haki.

Kabla ulipe

Mbio kubwa za nje mara mingi hupita dola 100 kwa tiketi peke yake, bado ndege, viza na malazi. Za hapa nyumbani huwa nafuu, na hapo ndipo lazima uulize maswali. Piga simu kwa mwandalizi. Muulize ambulensi ziko ngapi na zitakaa hadi mtu wa mwisho amalize ama zitaondoka saa nane. Muulize waokoaji wa majini ni nani na wangapi kwa kila dimbwi. Kina cha maji. Bima ya siku hiyo. Hospitali ya karibu ni gani. Muulize kama kizuizi kinaweza kuzungukwa. Mwandalizi amejipanga atakujibu kwa dakika mbili, hata atafurahi. Akianza kukuambia "usijali, itakuwa noma sana", weka doo yako mfukoni.

Halafu ile fomu. Kila mbio ina karatasi unaweka sahihi kusema ukiumia ni juu yako. Tough Mudder wenyewe walikuwa wanaitania kama karatasi ya kifo. Isome. Mahali pa kuandika magonjwa, andika ukweli: pumu, kifafa, presha, moyo. Hiyo ndiyo kitu ya kwanza mhudumu ataangalia ukiwa chini huwezi kuongea. Andika namba ya simu ya mtu hushika simu, si ya msee ambaye mko naye kwa mbio.

Wiki mbili baadaye

Mbio imeisha, picha umeposti. Osha vidonda na maji safi na sabuni siku hiyo hiyo, hata mikwaruzo midogo, na kama hukumbuki lini ulidungwa ya pepopunda, nenda udungwe. Siku ya pili na ya tatu ndio mwili utauma zaidi. Tembea, usilale tu.

Sasa hii ndiyo sehemu watu husahau. Yale matope ulimeza hayakuwa chokoleti. Oktoba 2012 huko Nevada, watu zaidi ya 20 waliokuwa wameshiriki mbio za vizuizi waliugua tumbo kwa bakteria ya Campylobacter. Mbio zilipita kwenye shamba la mifugo, na waliomeza maji ya matope ndio walipatikana zaidi. Mwaka wa 2000, washiriki wa mbio za Eco-Challenge huko Sabah, Malaysia, walirudi nyumbani kwao na homa ya leptospairosisi, ugonjwa unaotoka kwa mkojo wa panya na mifugo na kuingia kwa mwili kupitia vidonda na maji. Tanzania waliijua kwa jina la homa ya mgunda, ilipozuka Lindi 2022.

Hiyo homa inaeza kuja baada ya siku mbili, inaeza kuja baada ya wiki nne, wakati hata umesahau ulikuwa kwa matope. Inaanza na joto, kichwa, misuli ya ndama inauma, macho mekundu. Na sisi wote tunajua kile hutokea Kenya mtu akishikwa na homa na kichwa: anaenda kwa duka la dawa, ananunua ya malaria, anarudi kulala. Usifanye hivyo. Enda upimwe, na hata kabla daktari akuulize, mwambie ulikuwa kwa mbio za matope, tarehe gani, ulikatwa wapi na ulimeza maji ama hukumeza. Bila hiyo stori hawezi kujua atafute nini.